Talaka kwa bei ya mkupuo hapa Kampala: nililipa nini, nilipata nini

Tangu watu wa sokoni wajue kesi yangu imekwisha, hakuna wiki inapita bila mtu kuja kusimama pale kwenye meza yangu ya vitenge Owino, anashika kitambaa ambacho hataki kununua, halafu ananiuliza kwa sauti ya chini, dada, ile ofisi yako ya talaka iko wapi na wanataka ngapi. Basi naandika yote hapa, kwa urefu, maana nikikwambia tu milioni 3 bado sijakwambia kitu.

Ni ofisi ndogo ya mawakili upande wa Ntinda, kaunseli wawili, ndivyo tunavyowaita mawakili hapa, na karani mmoja. Jina silitaji kwa sababu faili langu lina mambo ya watoto na ya baba yao na sitaki mtu aanze kulichimba. Wana kitu wanakiita bei ya mkupuo kwa talaka isiyopingwa, yaani mnakubaliana bei siku ya kwanza, inaandikwa kwenye mkataba, na haipandi hata kesi ikiahirishwa mara ngapi. Mi niliandikiwa milioni 3 kwa awamu tatu, milioni ya kufungua faili, milioni siku ya kusikilizwa, na milioni ya mwisho nikipata dikrii ya kwanza, yaani amri ya kwanza ya mahakama. Kabla yao nilikuwa nimepita ofisi nyingine mjini wakaniambia leta laki tano tuanze halafu mbele tutaona, nikauliza mbele ni wapi, yule bwana akasema inategemea. Nina watoto wawili shule. Siwezi kupanda gari ambalo nauli yake natajiwa nikishafika.

Na kuna mwingine, huyo hata ofisi hakuwa nayo, alikuwa na kikaratasi kimebandikwa kwenye nguzo eti talaka ndani ya siku 14. Nilimpigia. Hakuniuliza nilifunga ndoa wapi wala mwaka gani, aliuliza tu majina mawili na namba ya kutuma pesa. Jamani huyo mtu hauzi talaka, anauza karatasi yenye mhuri, na siku utakayoipeleka mbele ya msajili wa ndoa ndiyo siku utakayojua kwamba bado una mume. Ukienda kwa wakili mwombe akuonyeshe leseni yake ya mwaka huu, maana leseni ya uwakili inafanywa upya kila mwaka, na wa kweli hakasiriki ukimuuliza. Kaunseli wangu yake ilikuwa imetundikwa ukutani nyuma ya kiti.

Sasa mambo yangu kwa kifupi ili uelewe. Tulifunga ndoa kanisani Tororo 2011. Mzee, yaani mume wangu, alikuwa dereva wa trela, njia ya Juba, na mwezi wa 11 mwaka 2019 aliondoka na begi moja hakurudi tena, baadaye tukasikia ana nyumba Arua na mama mwingine na mtoto. Hatukugombana. Nilipompigia kumwambia nataka tumalize kisheria alisema fanya unavyotaka, mi siji kupinga. Nikafikiri basi, kazi imekwisha, mawakili wanapiga chapa tunaweka saini. Yeye mwenyewe akapendekeza kabisa tuandike tu kwamba mmoja wetu alizini, yeyote yule, tusaini wote wawili.

Nilipolifikisha hilo kwa kaunseli, aliweka kalamu mezani akaniangalia. Akasema, mama, hapa hatuandiki hivyo. Na hapo ndipo nilipoanza kumwamini, kwa sababu angeweza kuchukua pesa yangu akaandika.

Akanieleza taratibu. Sheria yetu ya talaka ni ya 1904, ya enzi ya Mwingereza, na haina kitu cha kusema tumechokana basi tuachane. Ina sababu zake, uzinzi, ukatili, au kumtelekeza mwenzio miaka 2 au zaidi, na lazima uithibitishe mbele ya hakimu hata kama upande wa pili haukuja kabisa. Zaidi ya hapo ndani ya petisheni, yaani ombi la talaka, unaapa kwamba hamkula njama. Mkipanga uongo pamoja ili mpate talaka, hakimu akigundua anaitupa. Kwa hiyo neno isiyopingwa maana yake ni kwamba mwenzio hakuja kubisha, si kwamba mmetunga hadithi. Mtu yeyote anayetafuta huduma hii aelewe hilo kabla hajatoa shilingi.

Halafu akaniambia kitu ambacho nilikaa nacho kimya kwenye teksi mpaka nikafika nyumbani. Kwamba zamani mwanaume alihitaji uzinzi peke yake kumwacha mke, lakini mke alitakiwa athibitishe uzinzi na juu yake aongeze kosa lingine, kama ukatili au kutelekezwa. Ni mawakili wanawake wa FIDA Uganda waliokwenda Mahakama ya Katiba, na 2004 mahakama ikasema huo ni ubaguzi, sababu ziwe sawa kwa wote. Maana yake mimi niliweza kusimama na kutelekezwa peke yake. Sikuhitaji kusafiri Arua kumtafuta yule mama mwingine na kumwaga aibu za watu mahakamani. Siwajui hao wanawake kwa sura lakini nawashukuru kutoka moyoni.

Mdogo wangu yuko Leicester, Uingereza, na yeye ndiye aliyenichanganya mwanzoni. Yake ilikwisha kwenye kompyuta. Kwao tangu tarehe 6 Aprili 2022 hakuna kumtafuta mwenye kosa, mmoja anaomba au mnaomba wote wawili pamoja, mnasubiri wiki 20, mnapewa amri ya kwanza, wiki 6 baadaye mnaweza kuomba ya mwisho, na hata wale ambao hawakufunga ndoa bali walisajili ule ushirikiano wa kiraia wanapita njia hiyohiyo. Huko bei ya mkupuo ni rahisi kuitoa maana kazi ni fomu. Akawa ananiambia, dada, kwa nini unalipa wakili kwa jambo ambalo mmekubaliana? Kwa sababu Uganda si Leicester, nikamwambia. Hapa utasimama kizimbani uulizwe.

Turudi kwenye huduma. Kitu cha kwanza walichotaka ni nakala ya cheti cha ndoa iliyothibitishwa na URSB, ofisi ya serikali inayosajili ndoa, na hiyo haimo kwenye milioni 3, unaitafuta mwenyewe. Nikaenda Kololo pale kwenye jengo lao, nimebeba cheti changu cha kanisa kwenye nailoni nikijua ni dakika kumi. Yule kijana wa dirishani akatafuta, akatafuta tena, akasema madamu, ndoa hii kwetu haipo. Kumbe kanisa halikuwahi kupeleka taarifa za ndoa za mwaka ule kwa msajili. Miaka yote hiyo nikijua niko kwenye kitabu cha serikali! Ilibidi nipande basi mpaka Tororo, nikae na katibu wa parokia tufungue rejista yenyewe, kurasa zimeliwa na mchwa pembeni lakini majina yetu yako, saini yake, saini yangu, na ya marehemu baba kama shahidi. Wiki tatu zikaenda. Kwa hili siilaumu ofisi, ila wangeniambia mapema kwamba jambo hili huwapata wengi ningeenda kuhakiki kabla ya kulipa. Kwa hiyo wewe unayesoma, anza na cheti, hata kama hujaamua wakili.

Petisheni ikaingia mahakama ya hakimu mkuu mwezi wa 3 mwaka 2024. Ada ya mahakama unalipa mwenyewe kwa namba ya malipo ya URA, mamlaka ya mapato, unaweza kulipia benki au kwa simu, si pesa ya kukutisha, na risiti nilipewa zote nikaziweka. Hapa nawasifu, kila shilingi ya mahakama ilikuwa na karatasi yake na hakuna aliyeniambia leta ya chai ya karani.

Kisha samansi, hati ya kumwita mtu mahakamani. Lazima mtu ampelekee mdaiwa kwa mkono, halafu arudi aape kwamba alimpata na alimkabidhi. Mzee yuko Arua. Karani akaniambia kuna laki na elfu themanini ya safari ya mpelekaji. Nikasema si mlisema bei moja? Akafungua mkataba ukurasa wa pili, kweli kuna mstari, gharama za kupeleka hati nje ya Kampala na Wakiso ni za mteja. Upo, nimeusaini mwenyewe, lakini wiki ile nilikuwa nimelipa ada ya shule na iliniuma. Mstari kama huo ungesomwa kwa sauti siku ya kwanza, hasa kwa mteja ambaye tayari amesema mume yuko Arua. Hiyo ni lawama yangu ya kwanza.

Ya pili ni mawasiliano. Kaunseli mwenyewe ukimpata ni dhahabu, lakini kumpata ni kazi, na karani WhatsApp anasoma hajibu. Mara mbili nilifunga meza, nikavaa vizuri, nikafika mahakamani saa mbili na nusu asubuhi nikakuta kesi imesogezwa na wao walijua tangu jana yake. Siku moja ya kufunga meza ni pesa. Na ukiacha pesa, mtu anakuwa ameshajitayarisha moyo, hajalala, halafu anaambiwa rudi mwezi ujao. Niliwaambia haya uso kwa uso na nayarudia hapa.

Katikati kulikuwa na usuluhishi, kesi za madai hupitishwa hapo kwanza kabla ya kusikilizwa. Mzee alikuja, na namheshimu kwa hilo, alitoka Arua kwa basi la usiku. Pale tulikubaliana mambo ya watoto, wanakaa na mimi, yeye analipa nusu ya ada na anawachukua likizo ya Desemba, ikaandikwa tukasaini. Niliogopa nikamnong'oneza kaunseli, hii si ndiyo ile njama? Akacheka kidogo akasema hapana mama, kukubaliana juu ya watoto mahakama inapenda, inachokataa ni kukubaliana juu ya kosa la uongo. Kazi hiyo ya makubaliano ya watoto ilikuwa ndani ya milioni 3, sikuongezwa kitu.

Siku ya kusikilizwa sitaisahau. Kaunseli alinikalisha siku mbili kabla, saa nzima, akiniuliza maswali ya hakimu. Lililorudiwa zaidi ni hili, tangu 2019 aliwahi kurudi akalala kwako? Maana mkirudiana katikati, ile hesabu ya miaka inavunjika. Nikamwambia alikuja 2021 kwenye mazishi ya mama yake, siku tatu, lakini alilala kwa kaka yake. Akasema sema hivyohivyo, usiongeze usipunguze, na shemeji huyo akaja kuwa shahidi wangu.

Mahakamani lugha ni Kiingereza, mimi nikaomba Kiswahili, karani wa mahakama akatafsiri. Hakimu alikuwa mama wa makamo, sauti ya upole. Akaniuliza mara ya mwisho kukaa nyumba moja ilikuwa lini, nikataja mwezi na mwaka. Akauliza, alichukua vitu vyake? Nikasema alichukua begi na redio, akaacha gambuti zake nyuma ya mlango. Akauliza ziko wapi sasa. Nikasema ziko palepale. Karani alitafsiri, hakimu akaacha kuandika kidogo, akaendelea. Haikufika dakika 20 yote, pamoja na shahidi. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi chini ya mwembe miguu haina nguvu, na kaunseli, ambaye alikuwa na kesi nyingine saa hiyo hiyo, alikuja akanisimamia mpaka nikanywa maji. Hilo halikuandikwa kwenye mkataba.

Tarehe 17 Oktoba 2024 nikapata dikrii nisi. Sasa hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea. Dikrii nisi ni amri ya muda. Bado umeolewa. Sheria inataka ipite miezi isiyopungua 6 ndipo uombe dikrii absoluti, ile ya mwisho, na haiji yenyewe, inaombwa. Ukifunga ndoa nyingine katikati hapo ni kosa la jinai, kifungo mpaka miaka 5. Na ile ardhi ambayo familia inaishi juu yake, mwenzio hawezi kuiuza bila idhini yako, maana bado wewe ni mke. Kuna ofisi zinachukua pesa yote kwenye nisi, mteja anaenda zake anafurahi, hakuna anayemwambia arudi. Wangu walinieleza wakaandika tarehe kwenye jalada la faili kwa wino mwekundu, na ombi la absoluti lilikuwa ndani ya bei ileile.

Ila pia nilibidi niwakumbushe. Miezi 6 ilitimia Alhamisi ya tarehe 17 Aprili 2025, kesho yake Ijumaa Kuu, kisha Pasaka, Jumanne tarehe 22 nilikuwa mlangoni kwao kabla karani hajafungua. Ombi likaingia siku hiyohiyo na tarehe 14 Mei karatasi ikatoka.

Mambo ya mali hayamo kwenye mkupuo na msitegemee yamo. Tuna kiwanja Seeta kwa majina mawili. Kaunseli aliniambia wazi kwamba hapa hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja, Mahakama ya Juu ilisema hivyo 2013 kwenye kesi ya Rwabinumi na Bahimbisomwe, kinachoangaliwa ni mchango wa kila mmoja, basi tunza risiti za saruji, za mabati, na pesa ulizotuma kwa simu. Mimi nilikuwa nazo kwenye bati la biskuti tangu 2014. Kama nyinyi mnagombania nyumba, duka na magari, msiende kununua talaka ya mkupuo, hiyo ni kesi nyingine na bei nyingine, na wakili anayekwambia vyote vimo humo hajui au anakudanganya.

Nyumbani nako baba mdogo aliniuliza, na zile ng'ombe? Upande wa mume wanaweza kudai mahari irudi? Nilifurahi kumjibu, kwa sababu waliolipeleka jambo hilo Mahakama ya Juu ni MIFUMI, shirika la kutetea wanawake, watu wa hapohapo kwetu Tororo, na 2015 mahakama ikaamua kwamba kumtaka mke arudishe mahari ili ndoa ya kimila ivunjike ni kinyume cha katiba. Ng'ombe wakae walipo.

Kuna watu huduma hii si yao kabisa. Waislamu wana njia ya makadhi. Kama unapigwa usianze na mkataba wa milioni 3, anza na usalama wako, nenda FIDA Uganda. Na kama pesa hakuna kabisa kuna Justice Centres Uganda na mradi wa msaada wa sheria wa Uganda Law Society, wanahudumia bure wasio na uwezo, foleni ni ndefu lakini ni mawakili wa kweli.

Kwangu jumla ilikuwa milioni 3, laki na themanini ya Arua, ada za mahakama, nauli za Tororo na Kololo, na siku nilizofunga meza. Miezi 14 tangu petisheni kuingia. Bei waliyoandika haikusogea hata shilingi, na waliikataa njia ya uongo ambayo mimi mwenyewe niliwapelekea mkononi, kwa hiyo nawapa nyota nne kwa tano, hiyo moja wataipata siku karani atakapoanza kujibu ujumbe. Kazi ya kiwanja cha Seeta nimewapa haohaohao, wameniandikia bei tofauti, na safari hii ule ukurasa wa pili tuliusoma wote kwa sauti kabla sijasaini.